Gari Lisilopiga Hodi

Rhotia, Karatu
12 Januari 2025

Mpwa wangu Laurencia,

Pokea salamu za huku kilimani. Anti yako Antonia yu mzima, goti lake linamsumbua akishuka tu, akipanda halina neno. Mvua imetunyeshea vizuri, mahindi yameshika, na ndama wa jirani yetu Penina ameingia shambani kwangu mara mbili. Kwaya imempa anti yako uongozi wa sauti ya pili, kwa hiyo nyumba hii haina amani kuanzia asubuhi.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu kama watu wengine. Simu ni ya watu wasio na la kusema. Mwenye neno huliandika, akalifunga kwenye bahasha, akamsubiri Nelson pale njia panda anapopita na watalii wake kwenda kreta. Basi hili linakuja na Nelson.

Neno lenyewe ni kwamba rafiki yangu Simon ameharibikiwa. Mwili ni mzima, kilichoharibika ni akili. Ile Land Rover yake fupi, aliyoinunua mwezi ule ule niliponunua yangu, ameipeleka huko Arusha ikatolewa injini ikatiwa betri. Nimeiona kwa macho yangu Alhamisi ikipita sokoni. Haina moshi, haina mlio, inatembea kama kitu cha kichawi. Nilimpungia mkono, kisha nikakumbuka kwamba nimekasirika.

Na sasa ananishawishi nimfanyie hivyo hivyo Mke Mdogo! Wewe unajua jina hilo lilikotoka. Ni anti yako aliyelitoa, ule mwaka niliolala chini ya gari siku tatu nikitengeneza giaboksi, akasema heshima aliyobaki nayo ni ya mke mkubwa. Jina likashika mpaka kwa padri.

Mke Mdogo ana miaka hamsini na moja. Anatoa moshi wa bluu kidogo na anakunywa oili kuliko petroli, lakini mlio wake ni safi, kinanda cha kanisa hakimfikii. Anahitaji ringi za pistoni tu. Wewe ndiye fundi wa ukoo huu, nilikukabidhi spana zangu ulipomaliza chuo na sijajuta. Nitafutie ringi. Pia mwandikie Simon, umweleze kwa lugha ya kifundi kwamba amekosea. Jumamosi ya mwisho ya Julai ni safari yetu ya Endulen kama kila mwaka, na Mke Mdogo ndiye anayeongoza.

Ni mimi mjomba wako,
Sylvesta


Arusha
9 Februari 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana. Nelson aliiweka juu ya dashibodi akaisahau, ikaenda Serengeti mara tatu kabla ya kuja kwangu. Ina vumbi la barabara yote na inanukia ndizi. Mama amenipigia kutoka Mbulu, anasema bibi anakula vizuri na anagombana vizuri, kwa hiyo tumshukuru Mungu. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, usimwambie Anti maana ataanza kutafuta mchumba.

Ringi nimezitafuta. Nimezunguka maduka yote ya spea mpaka wenye maduka wananiita mama Landrova. Zilizopo ni feki au si saizi yako. Ila Mjomba, ukweli ni kwamba ringi hazitatosha. Anti amenieleza injini inagonga tangu kabla ya Krismasi, inagonga kama mtu anatwanga, na Penina anaisikia akiwa jikoni kwake. Injini inayogonga hivyo, tatizo ni beringi. Wewe umeandika mlio ni safi, naye anasema inatwanga, mimi niko katikati na ninawaheshimu wote wawili. Anti anasema pia kwamba redio yenu siku hizi inatosha mtaa mzima, majirani wameacha kuwasha zao. Nikipiga simu, ni yeye anayeongea, wewe nakusikia tu unakohoa pembeni. Sitaendelea hapo.

Kuhusu mzee Simon, naomba usinilazimishe kumwandikia. Mimi nani nimfundishe mtu mzima gari lake? Watu wanasema mota ya umeme haichoki kwenye mlima, na gari likishuka linajichaji lenyewe, kiasi kwamba ukitoka geti la Lodoare kuteremkia Karatu unafika na chaji kubwa kuliko uliyoondoka nayo. Watu wanasema mota yenyewe wanaibeba watu wawili bila jasho, uzito uko kwenye betri, na ukizipanga vibaya gari linakalia matako. Ni maneno ya watu tu. Huku gereji kazi ni nyingi.

Mpwa wako akupendaye,
Laurencia


Rhotia
2 Machi 2025

Laurencia,

Marahaba mama. Tumepalilia, tumemaliza jana, mgongo wangu unalalamika na mimi nauambia unyamaze. Ndama wa Penina sasa ana kengele shingoni, na bado anaingia shambani.

Nimeisoma barua yako mara mbili. "Watu wanasema", "watu wanasema". Watu gani hao wanaojua betri zikipangwa vibaya gari linakalia matako? Hayo si maneno ya kijiweni. Jihadhari na unaokaa nao.

Kuhusu kugonga: anti yako si fundi, yeye ni sauti ya pili. Penina naye ana kengele ya ndama wake ya kusikiliza. Mwenye gari ndiye anayelisikia gari lake, na hapo tumefunga mjadala.

Sasa nikueleze kitu ambacho nadhani sijawahi kukueleza vizuri, ili uelewe kwa nini siwezi kumfanyia Mke Mdogo alichofanya Simon. Nilipokuwa dereva wa misheni, huko Endulen hapakuwa na simu. Miaka ishirini na sita nilipanda na dawa nikashuka na wagonjwa. Nilikuwa nikifika kwenye mgongo wa mwisho wa kilima, kabla ya kuteremka, nasimama, natoa gia, napiga resi tatu ndefu. Wenye mgonjwa walikuwa wanamtoa barabarani. Wengine walitoka Kakesio kwa miguu tangu jana yake, wakakaa kando ya njia kusubiri sauti hiyo. Honi haikufaa. Honi inatawanya ndama, na Moloimet, ambaye boma lake ni la kwanza ukishuka, alinieleza hivyo siku ya kwanza akiwa ameshika fimbo. Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza.

Kwa hiyo resi tatu ndiyo ilikuwa hodi yangu. Binti wa Moloimet, Nanyokie, alizaliwa nyuma ya Mke Mdogo, kati ya tairi la akiba na gunia la chumvi. Mama yake alizisikia resi tatu, akatoka nje kwa miguu yake mwenyewe. Misheni walipouza magari ya zamani nikamnunua Mke Mdogo kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya uzuri. Mpaka leo kila Julai tukifika mgongoni napiga zile tatu, na Moloimet anatoka bomani na shuka lake jekundu kabla hajatuona.

Sasa niambie, gari lisilo na sauti linapigaje hodi? Litaingia kwa watu kama mwizi. Mgeni asiyepiga hodi, kwetu hapewi kiti.

Pasaka uje. Kuna jogoo anajiona sana, nataka nimrekebishe.

Mjomba wako,
Sylvesta


Arusha
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo, na heri ya Pasaka kwako na kwa Anti.

Najua jogoo amechinjwa na paja langu umelila wewe. Nilimwambia Anti nimebanwa na kazi. Leo gereji imefungwa, nimekaa chumbani na maandazi ya jana. Sikuja kwa sababu ya aibu.

Ile barua yako ya hodi nimelala nayo chini ya mto wiki nzima. Nimejaribu kuijibu mara nne. Ngoja niseme moja kwa moja kama unavyopenda. Gereji ninayofanya kazi haitengenezi injini. Inazitoa. Mimi ndiye ninayezitoa. Mpaka sasa nimetoa kumi na moja, na ya sita ilikuwa ya mzee Simon. Boliti zake nilizifungua kwa spana zako. Alinitambua, nikamwomba asikwambie, naye amenitunzia siri. Wale "watu wanasema" ni mimi.

Usidhani nazitoa kwa furaha. Kila gari likiletwa, kabla sijalishika, naiwasha injini kwa mara ya mwisho na kuiacha iungurume dakika kumi, na gereji nzima inasimama. Bosi alicheka mwanzoni. Siku hizi anavua kofia. Lakini Mjomba, magari hayo yalikuwa yanakwenda kukatwa vipande watu watengenezee majiko. Sasa yanarudi barabarani, yanapanda kreta. Nilipokuwa mdogo nakushikia tochi chini ya Mke Mdogo, uliniambia chesisi ndiyo gari, mengine yote ni nguo. Mimi niliamini. Ndiyo maana nilipoanza kazi hii sikuona kama naua kitu. Aibu imenikuta nilipofikiria uso wako.

Njoo uendeshe moja. Siku moja tu. Ukishuka ukasema nimepotea, nitakusikiliza.

Laurencia


Rhotia
11 Mei 2025

Laurencia,

Barua imefika. Maharage yanaendelea. Anti yako anakusalimu, mimi nitakusalimu nikipoa.

Spana zangu zirudishe. Zote.

Sylvesta


Arusha
1 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Nelson anakuletea spana. Nimezisafisha kwa mafuta ya taa moja moja, nikazifunga kwenye kile kile kitambaa cha turubai ulichonipa nazo. Nililia kidogo, nisikufiche, halafu nikajicheka, maana mtu mzima analilia spana.

Ukizihesabu utakuta ni kumi na tisa. Zilikuwa ishirini. Namba kumi na saba nimebaki nayo. Ukiitaka, ifuate mwenyewe.

Nina ombi moja. Usimpandishe Mke Mdogo Endulen mwezi wa saba. Beringi hazitafika huko. Ukikataa, basi mzee Simon akufuate kwa nyuma na gari lake, na Anti awe amevaa viatu vya kutembelea.

Kuna jambo jingine ninalijua na silisemi, kwa sababu mwenyewe hajalisema. Nimelelewa hivyo, na aliyenilea unamjua.

Bibi anauliza kama umeshapoa.

Laurencia


Rhotia
3 Agosti 2025

Mpwa wangu mpendwa Laurencia,

Marahaba, marahaba tena, hizo mbili nilizokunyima tangu Mei zipokee leo. Mahindi yamekauka vizuri. Goti la anti yako limepona, na utajua kwa nini anatembea kama msichana. Ndama wa Penina ameuzwa, na sasa ninamkumbuka. Kaa chini, barua hii ni ndefu.

Nilimpandisha Mke Mdogo. Najua uliniomba. Tulitoka hapa asubuhi, mimi mbele na anti yako, Simon nyuma yetu na kile kitu chake cha kichawi. Tumefika mbele ya geti la Lodoare, palipojaa magari ya watalii, Mke Mdogo akafa. Mkono wa pistoni umetoboa bloku. Simon anasema mlipuko ulisikika mpaka kwa walinzi. Mimi niliuona kwenye nyuso za watu. Mzungu mmoja alilala chini, na oili ikatiririka barabarani. Nilishuka nikasimama pale na kofia mkononi, na Laurencia, nililia mbele za watu. Miaka hamsini na moja. Nikasema moyoni, safari imekwisha, na mimi nimekwisha.

Simon hakunicheka. Angenicheka ningeuza shamba nihame Rhotia. Alinisaidia kumsukuma Mke Mdogo kando, akazunguka gari lake, akafungua mlango wa dereva, akanipa ufunguo. Yeye akaenda kukaa nyuma na kapu la maandazi.

Nikaingia. Anti yako akakaa pembeni yangu. Nikazungusha ufunguo, nikasubiri. Kimya. Nikauzima, nikauzungusha tena. Mara ya tatu Simon akanigonga bega akanionyesha kwa mkono kwamba limeshawaka tangu ile ya kwanza, twende. Mguu wangu wa kushoto ukatafuta klachi mpaka chini ya kiti. Watalii walikuwa wanapiga picha. Kisha nikakanyaga, na gari likapanda ule mlima kama mbuzi aliyeona kabichi. Laurencia! Ile kona ambayo Mke Mdogo aliipanda kwa gia ya kwanza, akichemka, na mimi nikimbembeleza, hili liliipita kama hakuna mlima. Nilitaka kukasirika, nikajikuta natabasamu. Umeifanya kazi safi. Betri umezipanga vizuri, halikalii matako.

Sasa sikiliza lililonifanya niandike. Tulipofika juu, kwenye ukingo, kulikuwa na ukungu, nikapunguza mwendo mpaka kama wa mtu anayetembea. Nikasikia sauti. Nilidhani ni redio, lakini gari la Simon halina redio. Ilitoka kushoto kwangu, upande wa sikio ambalo limebaki na uhai kidogo. Ilikuwa anti yako. Alikuwa ameangalia dirishani, rozari mkononi, anasali kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu anayejua hakuna wa kumsikia. Alimaliza Salamu Maria, kisha akasema, "Ee Mungu, leo tena uwe masikio ya huyu mzee wangu. Hasikii, na hajui kwamba najua. Usimwaibishe. Tufikishe."

Mimi nikasema, "Amina."

Aliruka mpaka kilemba kikagonga paa. Simon akadondosha maandazi. Anti yako akanitazama, nikamtazama, nikasimamisha gari kwenye ukungu pale pale. Akauliza, "Umesikia?" Nikasema nimesikia. "Tangu wapi?" Nikasema tangu kwenye Salamu Maria. Basi akalia, akacheka, akanipiga na kitambaa cha kichwa, akalia tena. Anasema ameisali sala hiyo kwenye kona ile ile kila Julai, miaka saba. Miaka saba nimemwendesha mke wangu akiniombea na mimi nikisikiliza injini, na injini yenyewe sikuwa ninaisikia, nilikuwa naisikia kwa mikono kupitia usukani. Kuanzia hapo mpaka Endulen hakunyamaza. Alinieleza yote aliyowahi kunieleza ndani ya Mke Mdogo nikamjibu "ndiyo ndiyo". Kumbe nilikubali mambo mengi sana. Kumbe nilikubali hata kujenga jiko jipya.

Tulipofika kwenye ule mgongo wa kilima nikasimama kama kawaida. Mguu ukakanyaga, hakuna resi. Nikakaa hapo nimeduwaa. Nikateremka polepole mpaka kwa Moloimet, nikashuka, nikaenda mpaka kwenye mlango wa boma kwa miguu, nikaita kwa mdomo wangu, "Hodi! Hodi hapa!"

Moloimet akatoka na shuka lake, anashangaa, anatazama mlimani. "Sopa," akanisalimu kwa Kimaasai, "umetokea wapi wewe?" Nikamwonyesha gari, nikamwomba radhi kwamba halina sauti. Akaniinamia kwenye sikio, akazungumza taratibu, kumbe naye anajua. Akasema, "Sylvesta, miaka yote hiyo ulipiga kelele kule juu, sisi tukakufuata barabarani. Leo ndiyo mara ya kwanza umekuja kwangu." Akanishika mkono akaniingiza ndani.

Gari lilihitaji kuchajiwa, Simon akalichomeka parokiani, na ilibidi tukae mpaka jioni. Zamani tulikuwa tunageuza mara moja. Safari hii tulikunywa chai kwa Moloimet, tukanywa maziwa kwa Nanyokie, tukaulizwa habari za watu wote mpaka za Penina. Nanyokie ana watoto wanne. Alichungulia nyuma ya gari la Simon akauliza, "Tairi liko wapi, na gunia la chumvi? Mtu atazaliwa wapi humu?" Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Kushuka kutoka ukingoni chaji iliongezeka, niliitazama ile namba yake ikipanda na nikapiga kelele kama mtoto. Nilitaka kurudi juu niteremke tena. Anti yako alikataa, na nilimsikia alipokataa.

Basi sasa mambo matatu. Spana kumi na tisa zinarudi kwako na Nelson, na nimemwonya zisifike Serengeti. Ile namba kumi na saba uliyoninyima, ndiyo utaanza nayo kwa Mke Mdogo. Simon atamvuta mpaka kwako Jumatatu ya tarehe kumi na moja, nami nitakuja naye. Injini haitawaka zile dakika kumi, imekwisha. Tutasimama tu, mimi na wewe na bosi wako avue kofia. Kisha uitoe. Nirudishie nyumbani niiweke chini ya mparachichi, iwe inanisikiliza mimi.

La tatu ni lile ulilosema unalijua na husemi. Sasa nalisema mwenyewe. Sisikii, Laurencia. Simu siisikii, mahubiri siyasikii, na kwaya ya anti yako naiona midomo tu. Niliona aibu, kwa sababu dereva asiyesikia gari lake ni dereva gani. Ndiyo maana nilikuandikia barua, na barua zisikome.

Lakini kwenye kiti kile, pale ukungani, nilimsikia mke wangu. Yeye anasema bado ana miaka mingine mingi ya kunieleza. Mfanye Mke Mdogo anyamaze, mwanangu, nimsikilize mke mkubwa.

Mjomba wako,
Sylvesta